Kinyozi wa Sensa

Jina lake la kwenye vyeti nililisoma mara ya kwanza kwenye kadi ya hospitali, baada ya kukaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, na hata sasa nikilitamka naona kama namsema mtu mwingine. Sisi sote tulimwita Kinyozi. Hakuwahi kumnyoa mtu, na ndevu zake mwenyewe zilikuwa za kuokotea makombo. Aliuza sensa za magari, za mtumba, na alichokuwa ananyoa ni namba.

Kwa asiyejua habari za spea nieleze kidogo. Gari, hata la miaka ishirini iliyopita, lina vidude vidogo vimechomekwa kwenye injini. Kimoja kinapima joto la maji, kingine hewa inayoingia, kingine mzunguko wa shafti. Ndivyo vinavyoiambia kompyuta ya gari kinachoendelea humo ndani, na kimoja kikidanganya gari zima linachanganyikiwa. Kila kimoja kina namba ubavuni. Ukiwa na namba unakwenda popote, unapata mwenzake. Bila namba umeshika kipande cha plastiki chenye waya.

Basi Kinyozi, kila sensa iliyoingia kibandani kwake aliipitishia tupa kabla haijalala koponi. Alitugeuzia mgongo, akakwaruza, akapuliza vumbi, kwisha. Si yeye peke yake aliyefanya hivyo kwenye safu yetu. Wengi hunyoa, kwa sababu mteja akishajua namba hakuhitaji tena. Lakini wenzake walinyoa mbili tatu zile za bei. Yeye alinyoa zote, hata zile ambazo ungempa mtu bure angekuuliza azipeleke wapi.

Mimi ni mama muuza vioo vya pembeni na taa. Kioo hakina siri, ama kimevunjika ama hakijavunjika, na labda ndiyo sababu mambo yake yalinikera. Nilimsema kila siku, naye alinisikiliza kila siku, na hakubadilisha kitu.

Alichokijua kuliko wote ni magari ya kifahari yaliyozeeka. Gari la namna hiyo likishapita mikono mitatu linauzwa rahisi, mtu wa kawaida anajitutumua analinunua, halafu kinaharibika kidude cha ukubwa wa kidole. Akienda kwa wakala anaambiwa kiagizwe ng'ambo, na bei anayotajiwa inamkalisha chini. Gari limeshuka bei, spea zake hazijapata habari. Hapo ndipo anapoelekezwa kwa Kinyozi. Maana Kinyozi alijua kwamba kiwanda kilichotengeneza sensa ya gari lile la wakubwa ndicho kilichotengeneza ya gari la kusambaza maziwa, kitu kilekile, ila kimoja kimetiwa kwenye boksi zuri. Yeye aliziita ndugu.

"Baba mmoja, mama mmoja," alikuwa akisema, "basi tu mmoja kaolewa kwa tajiri."

Mteja wake mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka ndani ya kola. Alikuwa amenunua gari kubwa jeusi, viti vya ngozi, na watu wakamcheka kwamba uzeeni ndiyo ameota mapembe. Hawakujua kwamba mkewe alikuwa na nyonga mbovu, kwenye gari jingine lolote alilia njia nzima, na kwenye viti vile alikaa akafika kliniki anazungumza. Siku ya kwanza Mwalimu alipokuja alikuwa na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," Kinyozi akamwamkia.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye mganga wa haya magari."

"Mganga hapana. Inaumwa nini?"

"Asubuhi inakataa kuwaka. Ikiwaka inatoa moshi mweusi, na feni inazunguka muda wote hata injini ikiwa baridi. Wakala wanasema ni sensa ya joto. Wameniandikia na bei, na mke wangu ana nyonga mbovu, hawezi kupanda gari jingine."

Kinyozi aliisoma ile karatasi, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hii usimwonyeshe mama nyumbani," alisema. "Ana nyonga, usimwongezee na moyo."

Nyuma yake palikuwa na makopo sitini na kitu, ya maziwa na ya rangi, hayana hata alama moja. Alivuta la tatu kutoka mwisho, safu ya chini, akachambua, akatoa sensa. Akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, akachomeka waya za mita, akasoma. Akasubiri maji yapoe, akasoma tena. Mwalimu alisimama ameshika mkono mmoja kwa mwingine kama mzazi aliyeleta mtoto kuchomwa sindano.

"Hiyo hiyo," Kinyozi akasema.

Ndilo lilikuwa neno lake. Hakujua kusema karibu tena wala bei yako mzee. Alisema hiyo hiyo, na mtu akaondoka ametulia. Mwalimu aliuliza imetoka gari gani, akajibiwa imetoka gari zuri. Alipokwenda zake nikamuuliza mimi, na Kinyozi akacheka mpaka akakohoa.

"Gari la mikate, jirani. Sasa nimwambie mtu mzima gari lake la kifahari linapima joto kwa sensa ya gari la mikate? Hatalala."

Kwa hiyo nikiri, kunyoa kule kulikuwa nusu biashara, nusu heshima. Mwenye gari alibaki na fahari yake na Kinyozi akabaki na mteja. Sensa ile ilifanya kazi miaka minne bila kukohoa.

Lakini nilimwambia. Nilimwambia mpaka nikajichosha. "Andika, wewe mtu. Nunua daftari, andika kopo hili lina nini, hii inaingia gari gani."

"Nikiandika, leo yangu, kesho ya soko zima."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipokuwa kijana alimtajia rafiki yake namba moja tu, kwa moyo mweupe, na kabla ya mwezi kwisha kila kibanda kiliitundika ile sensa nje na yeye akabaki na zake zinaota vumbi. Hilo hakulisahau wala hakulisamehe.

"Haya, mimi ni soko. Na binti yako je?"

"Binti yangu hakai hapa kwenye mafuta machafu. Ana cherehani yake."

Binti alikuwa mmoja tu. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, akalelewa na baba peke yake, na alishona sare za shule kwenye karakana moja upande wa pili wa barabara kuu. Jumamosi alimletea baba yake chakula, akasimama mbele ya yale makopo, akauliza, "Baba, hili lina nini?" Naye akamjibu, "Lina sensa." Tukacheka wote, na yule msichana akacheka pia, ingawa niliona kwamba alikuwa anauliza kweli.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia Kinyozi siku hiyo.

"Mimi nimeshazaa, jirani. Mmoja ananitosha."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nasikia tupa yake inakwaruza upande wa pili wa mabati kama kila siku, kisha nikaisikia inaanguka. Nikamwita. Hakujibu. Nilipochungulia alikuwa amekaa palepale, ameshika sensa iliyonyolewa nusu, na uso wake umeteremka upande mmoja. Mdomo ulikuwa unacheza bila sauti. Tulimbeba kwenye pikapu ya mteja wangu, na njia nzima nilimshika ule mkono wa kulia nikidhani ananiminya, kumbe ni mimi niliyekuwa namminya.

Kiharusi. Alilazwa wiki saba. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukabaki wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Yote, isipokuwa moja.

"Baba, unataka maji?"

"Hiyo hiyo."

"Unaumwa wapi?"

"Hiyo hiyo."

Daktari alituita pembeni, mimi na binti, akatueleza polepole. Anasikia, alisema. Anaelewa, na anachokijua bado anakijua. Njia ya kutolea maneno ndiyo iliyokatika, na hilo moja linatoka lenyewe, hata akitaka kusema jingine. Kichwa nacho anaweza kutikisa kukubali huku anakataa. "Kwa hiyo msilichukue kama jibu," akasema. "Mtazameni macho." Sote wawili tuliitikia.

Mwezi wa tatu tangu baba augue, binti akafungua kibanda. Karakana haikumngoja, na kibanda ndicho kilichokuwa kimewalisha siku zote. Nilimsikia anashusha makopo, moja baada ya jingine, kisha kimya.

"Mama," akaniita. "Hizi hazina namba."

"Najua, mwanangu."

"Zote?"

"Zote."

Akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kisha akakaa chini katikati ya makopo akajifunika uso kwa khanga. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa nyumbani, kwenye kiti karibu na dirisha, imefunikwa shuka. Nilimkasirikia Kinyozi siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yetu, na nikaona aibu kumkasirikia mgonjwa.

Yule msichana si wa kukata tamaa haraka. Kila siku ikifika saa nane alifunga, akabeba kopo moja mpaka nyumbani, akakaa mbele ya baba yake, akampa sensa moja moja. Nilikwenda mara mbili kuangalia. Kinyozi alizipokea kwa mkono wa kushoto, akazigeuza, akapitisha kidole gumba pale aliponyoa mwenyewe, na macho yakawaka. Alizijua! Kila moja aliijua kama mtu anavyojua watoto wa mtaa wake, huyu wa nani na yule wa nani. Kisha akafungua mdomo.

"Hiyo hiyo!"

"Ya hewa, baba?"

"Hiyo hiyo."

"Ya shafti?"

"Hiyo hiyo."

Walijaribu penseli, mkono wa kushoto ukachora mistari inayopanda na kushuka. Binti alimtazama macho, kama alivyoambiwa, akakisia. Aliyoyakisia aliyaandika kwa uzi mwekundu kwenye vitambaa vidogo, herufi nzuri za mshonaji, akavifunga kwenye nyaya. Baada ya wiki chache makopo yalikuwa yametoa ndimi za vitambaa, na mtu akipita alidhani ni duka la watoto.

Na mbili za kwanza zikakubali. Teksi moja na pikapu moja, ziliwekwa sensa zake zikawaka. Bahati ya mtende kuota jangwani, lakini nani aliyetaka kusikia? Safu nzima ilishangilia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema. Binti akaanza kumleta baba yake kibandani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mto, ndevu amemchonga, shati safi. Wateja wa zamani walikuja kumpa mkono wa kushoto. Walimuuliza hali, akawaambia hiyo hiyo, wakacheka naye, na yeye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Wiki ya kwanza alikaa ameegemea. Wiki ya pili alikaa wima. Nilimwona binti anamwangalia mgongo ule ulionyooka kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia.

Ndipo Mwalimu akaja. Ile sensa ya miaka minne ilikuwa imekufa kifo cha kawaida, na gari limerudia moshi na feni yake. Alimpa pole Kinyozi kwa maneno marefu yenye adabu, kisha akafungua leso akatoa sensa ya zamani. Niliichukua nikaigeuza. Ubavu mtupu, laini kama kigae. Kama ingekuwa na namba, hata mimi muuza vioo ningeitafuta. Nilichokijua ni gari la mikate tu, la aina gani hakuniambia. Binti alifungua simu, akapata picha arobaini za sensa za joto, zote zinafanana, na simu inamuuliza namba. Kwa wakala, Mwalimu alishapita. Walimwambia gari lenyewe halitengenezwi tena, sensa ikipatikana itachukua miezi, na bei wakaitaja kwa sauti ya chini.

"Mkewe wangu ana kliniki Jumatatu," alisema, kisha akajisahihisha, akatabasamu, "mke wangu. Uzee huu."

Kwenye kopo la tatu kutoka mwisho, safu ya chini, zilikuwamo sensa tatu. Zote plagi moja, uzi wa skrubu mmoja, rangi moja. Binti alichemsha maji, akazipima moja moja kwa mita kama alivyomwona baba yake akifanya. Zote zilikuwa nzima, namba kwenye mita zilishuka maji yalipopata moto. Lakini uzima si undugu. Kila moja ilishuka kwa namna yake, na ipi ilikuwa namna ya gari la Mwalimu haikuandikwa popote ila nyuma ya paji la uso la Kinyozi.

Akainua ya kwanza. "Baba, ya gari la Mwalimu ni hii?"

"Hiyo hiyo."

Akainua ya pili. "Au hii?"

"Hiyo hiyo."

Akainua ya tatu. Kinyozi alijivuta mbele, mkono wa kushoto ukapanda juu, jasho likamtoka. "Hiyo hiyo!" alisema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali. "Hiyo hiyo! Hiyo hiyo!"

Binti akamgeukia Mwalimu, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Ni hii, Mwalimu."

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, nimewapa mgongo, nafuta kioo kikubwa cha lori. Ndani ya kile kioo nilimwona Kinyozi. Mdomo ulikuwa unasema hiyo hiyo na macho yalikuwa ya mtu anayemwita mtoto anayekimbilia barabarani. Niliyaona. Sitajitetea kwamba kioo kilikuwa na vumbi. Ulimi wangu, unaosemea kila kitu hata visivyonihusu, ulikuwa mdomoni mwangu mzima. Lakini niliona lile tabasamu la binti, na ule mgongo ulionyooka, na wateja watatu wamesimama wanatazama. Nikameza mate, nikaendelea kufuta.

Siku ya sita Mwalimu alikuja kwa miguu. Ilikuwa mchana wa jua kali, kola yake imelowa. Binti alimwona mapema kuliko mimi, akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Gari liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Gari nimeliacha gereji." Akakaa kwenye benchi langu, akajifuta. "Fundi aliifunga vizuri tu. Likawaka mara moja, tukafurahi. Jumatatu nikampakia mama, tukashika kile kilima cha kwenda kliniki. Mshale wa joto umelala chini kabisa, umetulia, mimi natazama mshale. Mama ndiye aliyesema kuna harufu. Nikamwambia mshale uko sawa. Mpaka moshi ukajaa mbele, likazima."

Akaikunja leso yake, akaendelea.

"Feni haikuzunguka hata mara moja. Fundi anasema hiyo sensa ilikuwa inaiambia injini kwamba ni baridi. Hedi imepasuka, na injini haitengenezeki. Mama tulimkalisha juu ya jiwe kwa muda wa saa mbili. Ilipopatikana pikapu tukampandisha nyuma, watu wanne, kama gunia. Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia, na nina miaka arobaini na sita naye. Sasa anasema hatoki tena nyumbani. Kliniki basi."

"Mwalimu," binti akaanza.

"Sijaja kugomba, mwanangu. Nilitaka tu kujua ilikuwaje, maana huyu bwana hajawahi kunikosea." Akaiweka ile sensa juu ya kaunta.

Kinyozi alikuwa kwenye kiti chake, amesikia neno kwa neno. Alinyoosha mkono wa kushoto. Binti akampa. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu ule mtupu, akarudia, akarudia, kama anatafuta kitu alichokidondosha mwenyewe. Kisha akamtazama Mwalimu na midomo ikaanza kutetemeka. Sote tuliona kwamba anataka kusema. Pengine ni samahani, pengine ni jina la gari la mikate, sijui.

"Hiyo h..."

Akaling'ata. Alijiziba mdomo kwa mkono wa kushoto, akajikandamiza mpaka vidole vikapauka, na machozi yakapita juu ya vidole yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu alipiga goti mbele yake, mzee mzima, kwenye mafuta machafu na ile suruali yake ya pasi. "Basi, ndugu yangu," alimwambia. "Basi. Basi." Lakini mkono haukutoka mdomoni mpaka binti alipomrudisha nyumbani.

Hajatamka neno tena tangu siku hiyo. Daktari alimpima, akasema hakuna kiharusi kipya, ni yeye mwenyewe. Binti alikata vile vitambaa vyake kwa mkasi, kimoja kimoja, na makopo akayauza kwa mnunua vyuma chakavu. Yalimiminwa kwenye gunia, yakaning'inizwa kwenye mizani. Nilisimama nikaona ile mizani inashuka, kazi ya miaka thelathini ya kichwa cha mtu, nikarudi kwenye vioo vyangu nikamfokea mteja asiyenikosea chochote. Karakana ilimrudishia binti cherehani, nusu siku, anashonea nyumbani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaona. Wanakaa vyumba viwili, cha mbele kimejaa sare za bluu mpaka juu ya meza. Kinyozi alikuwa dirishani, amekonda, amevaa fulana. Nilimtania kwamba kinyozi gani huyu anayefuga ndevu, nikamwambia vioo vyangu vinamuulizia, nikasema na mengine ya kipuuzi. Alinitazama kwa upole. Midomo ilikuwa imefungwa kama bahasha.

Nikakaa. Cherehani ilikuwa inakwenda. Nilikuwa nimebeba jambo langu majuma mengi na lilikuwa limenikosesha usingizi, nikaona nikiondoka nalo tena litanila.

"Mwanangu," nikasema, "siku ile ya Mwalimu nilimwona baba yako kwenye kioo. Hakuwa anakubali. Alikuwa anakukataza, na mimi niliona nikanyamaza."

Cherehani ikasimama. Hakuinua uso.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Wewe ulimwona kwenye kioo. Mimi nilikuwa mbele yake, nilimwona usoni."

Niliinama nikaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Alikuwa ameanza kukaa wima," akasema. "Ningesema baba hajui, mbele ya watu wote wale, ningekuwa nimemwua. Nikajiambia labda ndiyo yenyewe. Zile mbili si zilikubali?" Alikunja ile sare, akaikunjua, akaikunja tena. "Sasa kila asubuhi namuuliza, baba umeamkaje. Sitaki jibu. Nataka aseme hiyo hiyo tu, mama, nimsikie. Ilikuwa sauti yake. Ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki, na mimi nikaipeleka sokoni."

Kinyozi alikuwa ametugeukia. Alikuwa anasikia, daktari alishatuambia kwamba anasikia kila kitu. Alimtazama binti yake muda mrefu, kisha akafungua mdomo, yule msichana akasimama nusu kutoka kwenye kiti, tukasubiri.

Akaufunga tena taratibu, akauwekea mkono wa kushoto juu.